Kunyamaza Si Kukubali

Somo hili linahusu jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu. Jambo lenyewe ni kubaka. Tutalitaja kwa jina lake, maana mtu asiyeweza kulitaja hawezi kulipeleka polisi.

Tuseme wewe ni mzazi katika kijiji kimoja cha Muleba. Jumatatu jioni unamtuma binti yako wa miaka 15 kupeleka mkungu wa ndizi kwa jirani. Jirani huyo mnakunywa naye rubisi. Mnasaidiana kuvuna kahawa, na msiba ukitokea mnazikana. Binti anarudi amechelewa. Hasemi kitu. Anaoga, anafua gauni lake, analala bila kula. Jumanne asubuhi anamwambia shangazi yake kwamba yule jirani amembaka. Shangazi anakuja kwako. Je, utasema nini?

Wengi wetu tungeuliza, "Mbona hakupiga kelele? Nyumba ziko jirani, kila mtu angesikia." Swali hili huulizwa Bukoba mjini na huulizwa vijijini. Anayeuliza hudhani kwamba anatafuta ukweli, kumbe amekwisha kumhukumu mtoto.

Fikiri kidogo. Umewahi kukutana na nyoka ghafla kwenye kibanja? Wako wanaokimbia. Wako wanaopiga kelele. Wengine husimama pale pale. Miguu haiendi na sauti haitoki. Hawakumpenda nyoka. Mwili umeshikwa na hofu. Anayebakwa naye huweza kuwa hivyo, hasa akishikwa na mtu aliyezoea kumwamkia "shikamoo" na kumtii. Wengine huambiwa, "Ukisema nitakuua," nao huamini.

Sheria yetu inalijua jambo hilo. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, na maneno yake sasa yamo katika Kanuni ya Adhabu. Inasema kwamba si lazima kuonyesha majeraha au dalili za kupigana ili kuthibitisha kuwa mwanamke hakukubali. Kwa hiyo anayesema, "Hana hata mchubuko, basi alitaka," anasema kinyume cha sheria. Na kwa msichana aliye chini ya miaka 18, kama huyu wetu, swali la kukubali halipo kabisa. Hata angesema ndiyo, mwanamume huyo amebaka. Adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha.

Wavulana nao huumizwa. Wazazi wengi huwachunga binti tu, na mvulana anaona aibu kusema kwa sababu ameambiwa mwanamume halii. Sheria inamlinda yeye pia. Anayemlawiti mtoto aliye chini ya miaka 18 hufungwa maisha.

Kosa jingine ni kudhani kwamba mbakaji ni mtu mgeni, anayejificha gizani kwenye migomba. Wako wa namna hiyo. Lakini mara nyingi mbakaji ni mtu anayejulikana: jirani, mjomba, mwalimu, kijana anayempakia mtoto kwenye pikipiki kila siku. Ndiyo maana watoto hunyamaza. Kumtaja mgeni ni rahisi. Kumtaja rafiki wa baba ni kazi kubwa.

Wapo pia wanaotazama nguo aliyovaa, au wanaouliza kama alikuwa amekunywa pombe. Mtu aliyelewa hakuruhusu mwili wake uchukuliwe. Sheria inamtaja hata yule aliyeleweshwa na mwingine ili akubali.

Sasa tuje kwenye jambo linaloharibu kesi nyingi vijijini. Wazee hukaa kikao. Familia ya mwanamume huleta mbuzi na fedha kidogo, rubisi hunywewa, watu hupeana mikono. Wanasema yameisha, undugu umebaki. Undugu wa nani? Binti hakuulizwa. Kesho atakutana na mtu huyo kisimani, na keshokutwa pia. Kubaka ni kosa la jinai. Mwenye kesi ni Jamhuri, si baba wa binti, kwa hiyo baba hana mamlaka ya kuiuza kwa mbuzi. Mzee wa ukoo anaweza kupatanisha watu waliogombea mpaka wa kibanja. Jambo hili si la mpaka.

"Lakini hakuna shahidi," utasema. Ni kweli kwamba wabakaji hawaiti mashahidi. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wake peke yake. Mshtakiwa naye husikilizwa, na ana haki ya kukata rufani. Kwa hiyo kazi ya kupima nani mkweli tuwaachie mahakimu, tusiifanye sisi kilabuni. Na kama unaogopa aibu, jua kwamba ushahidi wa kesi hizi hutolewa faraghani, si mbele ya umati.

Haya, tumrudie binti yetu. Ameoga, na gauni limefuliwa. Ingekuwa bora asingeoga, na nguo zingewekwa kwenye mfuko wa karatasi, siyo wa nailoni, zikapelekwa kama zilivyo. Lakini usimgombeze, na usiseme kwamba mambo yameharibika. Daktari bado ana mengi ya kumfanyia.

Mkoa wetu unajua UKIMWI kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na makaburi yake tunayo vibanjani. Siku hizi kuna dawa za kumkinga aliyebakwa asipate virusi. Huanza kumezwa kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora zaidi. Huendelea kumezwa kwa siku 28. Vipo pia vidonge vya kuzuia mimba, navyo havitaki kuchelewa.

Polisi hutoa fomu iitwayo PF3, ambayo daktari huijaza. Uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama kituo cha polisi ki mbali, gawaneni kazi: mmoja afuate fomu, mwingine ampeleke binti Rubya, Ndolage, au hospitali ya mkoa Bukoba. Wenzetu wa visiwa vya Bumbire, Goziba na Ikuza wana shida zaidi, maana ziwa likichafuka siku nzima inapita kabla ya kufika bara. Wao wasingoje hata saa moja ya kikao. Kwa habari za mtoto, namba ya simu ya kupiga ni 116.

Binti alibakwa Jumatatu jioni. Saa 72 zinakwisha Alhamisi jioni. Shangazi amekuja kwako Jumanne asubuhi, na basi la kwenda mjini halijapita.