Petroli Inapovuja Ardhini

Tenki la petroli lililozikwa chini ya kituo cha mafuta laweza kuvuja miaka mingi bila wanaokanyaga juu yake kujua. Chuma huliwa na kutu, maungio ya mabomba yanayokwenda kwenye pampu hulegea, na mafuta mengine humwagika lori linaposhusha shehena. Nchini Marekani pekee, uvujaji wa namna hii umethibitishwa zaidi ya mara 500,000 tangu miaka ya 1980.

Mara nyingi dalili ya kwanza imo kwenye daftari la kituo. Msimamizi hutumbukiza kijiti chenye alama ndani ya tenki, husoma kina cha mafuta, kisha hukilinganisha na lita zilizopokelewa na zilizouzwa. Pengo la siku moja laweza kuletwa na joto au na jicho lililosoma vibaya. Pengo linalojirudia mwezi baada ya mwezi, kila mara kwa upande wa hasara, halina budi kuchunguzwa.

Ikishatoka, petroli hushuka kupitia nafasi zilizo kati ya chembe za udongo na kuacha mabaki njiani. Kwenye mchanga hupita upesi. Kwenye udongo wa mfinyanzi hukwama au hufuata nyufa. Ikiyafikia maji yaliyo chini ya ardhi huelea juu yake na kutandaa, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Masika maji hupanda nayo, kiangazi hushuka nayo, hata udongo wa tabaka zote hizo ukalowa mafuta. Sehemu yake huyeyuka na kusafiri pamoja na maji.

Kinachotisha zaidi katika sehemu hiyo ni benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa. Lakini benzini peke yake haianzi kunukia majini mpaka ifikie takriban miligramu 10 kwa lita, yaani mara elfu moja ya kikomo hicho. Kwa hiyo familia inayochota maji yasiyo na harufu kwenye kisima kilicho jirani na kituo cha mafuta haina hakika yoyote mpaka maji hayo yapimwe.

Uchunguzi huanza kwa kukusanya habari: matenki ya sasa na yaliyoachwa yako wapi, mabomba yanapita wapi, nani ana kisima karibu. Ndipo mashine ya kuchoronga huletwa. Udongo unaotolewa katika kila kina hutiwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa. Baada ya muda ncha ya kipima mvuke huingizwa ndani. Kifaa hicho hakitaji kemikali kwa jina. Huonyesha tu mahali mvuke ulipokolea, na hapo ndipo sampuli ya maabara huchukuliwa.

Mashimo mengine hugeuzwa visima vya uchunguzi. Hutiwa bomba la plastiki lenye matundu membamba, huzungushiwa mchanga safi, na juu yake huzibwa kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, ili maji ya mvua yasitiririke na kuingia. Matundu lazima yapite juu na chini ya usawa wa maji. Yakiwa chini mno, mafuta yanayoelea hayataonekana kabisa. Maji ya kupimwa hutiwa kwenye chupa ndogo ya mililita 40 hadi yavimbe mdomoni, hufunikwa, kisha chupa hupinduliwa na kugongwa taratibu. Kikionekana kiputo, sampuli hiyo haifai, kwa sababu benzini hutoka majini na kuhamia kwenye hewa hiyo, na maabara itasoma kiasi pungufu. Chupa husafirishwa ndani ya barafu.

Swali gumu kuliko yote ni maji yanaelekea wapi. Mteremko wa barabara si ushahidi, na pampu ya kisima kikubwa yaweza kugeuza mkondo. Hupimwa usawa wa maji katika visima visivyopungua vitatu, visivyo katika mstari mmoja, na vipimo hurudiwa masika na kiangazi. Katika miamba ya matumbawe ya pwani, kama Mombasa na Unguja, kazi ni ngumu zaidi: maji hupita kwenye mianya, na sumu yaweza kukikwepa kisima cha uchunguzi ikaibukia mbali.

Katika udongo wa kawaida, bakteria huila benzini kadiri inavyosafiri. Utafiti wa jimbo la California, Marekani, wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa benzini mara chache husambaa zaidi ya mita 80 kutoka ilikovuja. MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli huko ili iungue vizuri, ina tabia nyingine: huyeyuka majini kwa urahisi, husafiri mbali na huoza polepole sana. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, jimboni humo, ulifunga visima vyake vikuu kwa sababu yake, ukapoteza takriban nusu ya maji yake. California iliipiga marufuku kemikali hiyo kuanzia 2004, lakini visima vya mji huo vya Charnock, vilivyoathirika zaidi, vilirudi kutumika baada ya zaidi ya muongo mmoja, tena kwa kujengewa mtambo wa kuyasafisha maji.