Uzima wa Milele Kati ya Jerusalem na Jericho

Mkazi wa Eastlands hutoka Jerusalem hadi Jericho kwa miguu na hatoki jasho. Ni mitaa miwili ya nyumba za lililokuwa Baraza la Jiji la Nairobi, karibu na Barabara ya Jogoo. Aliyelelewa huko akisikia Jericho hukumbuka kwanza soko na uwanja wa Camp Toyoyo, kuta za Yoshua baadaye. Lakini katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, Yesu anatumia hadithi ya safari kati ya miji miwili yenye majina hayo kulijibu swali ambalo wahubiri wa stejini hutuuliza kila jioni tukipanda matatu: uzima wa milele unapatikanaje?

Aliyeuliza alikuwa mwanasheria wa torati. Alitaka kujua afanye nini ili aurithi uzima huo. Yesu akamrudisha kwenye torati aliyoisoma mwenyewe: umpende Mungu kwa moyo wote, na jirani yako kama nafsi yako. Kisha akamwambia atende hivyo, naye ataishi. Tuangalie vizuri hapa, maana wengi tunapita mbio. Yesu hakumwambia ataishi akishakufa. Alimwambia ataishi, basi. Mwanasheria, akitaka kujionyesha kuwa mwenye haki, akaomba awekewe mpaka: jirani ni nani hasa?

Ndipo inapoingia barabara: Yesu akamsimulia habari za mtu aliyeteremka kutoka Jerusalem hadi Jericho, akapigwa na wanyang'anyi na kuachwa nusu mfu, na kuhani akampita. Ile ya Palestina ina urefu wa kilomita 27 hivi, na inateremka karibu mita 1,000 kupitia vilima vikavu ambako mnyang'anyi hakosi pa kujificha. Walimu wengi wa Biblia husema kuhani alimpita majeruhi kwa kuogopa najisi ambayo ingemzuia kuhudumu hekaluni. Sikubaliani nao. Luka anasema kuhani alikuwa akiteremka, yaani Jerusalem alikuwa ameiacha nyuma. Kama alikuwa na zamu, ilikuwa imekwisha. Utii wake ulibaki mlangoni mwa hekalu.

Msamaria, ambaye Wayahudi walimhesabu mzushi wa dini, alisafisha vidonda kwa mafuta na divai, akavifunga, akampandisha majeruhi kwenye mnyama wake, akamlaza nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili na kuahidi kulipa zaidi akirudi. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Mtu wa mjengo anayetoka Kayole alfajiri kutembea hadi Industrial Area anajua siku mbili za ujira ni chakula cha nani nyumbani. Anajua pia hofu ya kumwokota aliyepigwa usiku kandokando ya Rabai Road: huenda ni mtego, huenda polisi wakakugeukia wewe, huenda bili ikakuangukia. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hakisemi nani atasimama barabarani.

Je, basi tunaununua uzima kwa matendo? Sivyo, na neno la urithi lenyewe linakataa. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya baraza pale Jericho hangoji mzazi afe ndipo aanze kuishi mle. Anakula, analala na kutumwa dukani kama mtu wa nyumba ile. Kutumwa dukani hakumfanyi kuwa mtoto. Anatumwa kwa sababu tayari ni mtoto. Yohana anafundisha vivyo hivyo: katika sura ya 5 ya Injili yake anayeamini amekwisha kuvuka kutoka mautini, katika sura ya 17 uzima wa milele ni kumjua Mungu na Kristo aliyemtuma, na katika waraka wake wa kwanza tunatambua kwamba tumevuka kwa kuwa tunawapenda ndugu.

Waliovuka namna hii si watu wa vitabuni tu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka wa 1937. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wa ndugu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilipotaka wabebe bunduki wajilinde, wengi wakazikataa pia, kwa sababu hawakuweza kumhubiria mtu na kumlenga risasi. Baadhi waliuawa. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti. Mimi naona watu waliokuwa wamekwisha kuanza kuishi, na ndiyo maana kitisho cha kifo hakikuwa na la kuwaamrisha.

Tofauti yao na yaliyotokea Shakahola, kaunti ya Kilifi, ni kubwa. Mwaka wa 2023 ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilipita 400, ikiwemo mingi ya watoto. Upande wa mashtaka unasema wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka. Mahakama itaamua lake. Kuhusu fundisho lenyewe, kanisa halihitaji kungoja hukumu. Imani ya Mitume, inayokaririwa Jumapili katika makanisa mengi ya Eastlands, inakiri ufufuo wa mwili. Mungu atakayeufufua mwili hawezi kuagiza uuawe kwa njaa. Mtu akikwambia utii kwa Mungu ni kumnyima mtoto uji, mchukue mtoto wako utoke, hata kama ibada haijaisha, na ukawaambie majirani na chifu ulichosikia.