Mpaka ukifungwa, jigi huokoa mashine

RUHWA, Rusizi – Mashine ya kukoboa mpunga ikisimama wakati wa mavuno katika bonde la Bugarama, mwenyewe hupoteza wateja siku hiyo hiyo. Wakati mwingine injini ni nzima. Kilichochakaa ni gamba, yaani mwili wa chuma unaobeba beringi na shafti inayozunguka.

Kwa mfanyabiashara wa Ruhwa, njia fupi ni kuvuka mto na kutafuta spea Bujumbura. Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda tarehe 11 Januari 2024, njia hiyo ilikatika, na swali likawa jingine: je, gamba la zamani laweza kuchongwa upya?

Laweza, iwapo fundi ana jigi imara. Jigi ni fremu inayoshika kipande kisitikisike wala kupinda wakati kisu cha mashine kinakata. Bila hiyo, matundu mawili ya beringi hayakai kwenye mstari mmoja. Shafti hukaza, beringi hupata moto, na mteja hurudi na malalamiko.

Ugumu wa kazi hii huonekana zaidi kwenye injini ya rota ya Mjerumani Felix Wankel, ambayo kampuni ya Mazda ya Japani ilianza kuiuza ndani ya gari la Cosmo Sport mwaka 1967. Haina pistoni za kupanda na kushuka. Rota ya pembe tatu huzunguka ndani ya gamba la alumini lenye umbo linalokaribia namba nane. Gamba hilo likibanwa vibaya hujikunja. Likifunguliwa hurudi lilivyokuwa, na uso uliochongwa huwa umeharibika. Mihuri ya ncha za rota isipogusa sawasawa, mgandamizo huvuja na injini hukosa nguvu.

Kanuni ni ile ile kwa gamba la kinu au pampu. Jigi hujengwa kwa bamba nene la chuma. Ikishalehemiwa, hupashwa moto ili chuma kitulie, ndipo uso wake husawazishwa. Gamba huongozwa na pini, na hubanwa pale tu lilipoegemea.

Kabla ya kuacha mzigo wako karakana, uliza mambo matatu. Gamba litaegemea wapi? Litabanwa wapi? Je, fundi ana geji ya saa? Mshale wake ukisogea nati zinapokazwa, gamba limepinda, kazi isianze.

Jigi hugharimu chuma na siku za kazi, lakini hubaki baada ya mteja wa kwanza kuondoka. Karakana za Rusizi, Bujumbura na Uvira zikifuata vipimo vimoja, gamba la upande mmoja litaingia kwenye mashine ya upande wa pili. Spea ya namna hiyo ndiyo inayouzika, mpaka uwe wazi au umefungwa.