Ploti Yako Isiwe Shamba la Pili la Chai

Bonasi ya chai ya KTDA ikishalipwa, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Litein, Kapkatet na Mogogosiek, huku kwetu Kericho na Bomet, hupata wateja wapya. Baadhi yao wanataka mabati ya kubadilisha paa la nyumbani. Wengine wameamua kwamba mwaka huu ndio wa kuanza ploti ya kupangisha. Makala haya ni ya hao wa pili.

Wazo lenyewe ni zuri. Anayetegemea majani ya chai pekee anahitaji kipato kingine. Shida ni kwamba wengi huijenga ploti hiyo karibu na kiwanda au kituo cha kupimia chai, kwa sababu ndipo lilipo shamba lao, kisha vyumba wanawapangisha vibarua wa kuchuma, wenye vibanda na bodaboda ambao shilingi zao zote zinatoka kwenye majani yale yale. Mwaka bonasi ikiwa mbovu, mwenye ploti anapungukiwa shambani na papo hapo wapangaji wake wanaanza kuomba wavumiliwe. Hapo hajapata kipato cha pili. Amepanda chai nyingine, ila hii ina milango na madirisha.

Sio hofu ya kubuni. Bonasi za viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa mara nyingi huwa chini kuliko za Mlima Kenya, na mwaka wa 2025 zilishuka hadi wakulima wa Kericho na Bomet wakaandamana. Kwenye mashamba makubwa nako, mashine za kuchuma chai zimekuwa zikichukua kazi za watu, na hasira za jambo hilo ndizo zilizofanya mashine kadhaa zichomwe moto Kericho mwezi Mei 2023. Tena makampuni yenye mashamba hayo kwa desturi huwapa wafanyakazi wa kudumu nyumba ndani ya shamba. Anayetafuta chumba nje ya geti basi ni kibarua, na kibarua ndiye wa kwanza kusimamishwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza vyumba vingapi vitaenea kwenye kiwanja, mwanzilishi ajiulize mshahara wa mpangaji wake utatoka wapi. Eneo letu lina majibu kadhaa yasiyo ya chai. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, miji ya Kericho na Bomet imepata maafisa wa kaunti wanaohitaji nyumba. Hospitali ya Tenwek upande wa Bomet, ile ya Longisa, ya rufaa ya Kericho na ya misheni ya Litein zina wauguzi, wahudumu wa maabara na madaktari wanagenzi. Kabianga kuna chuo kikuu chenye wanafunzi, na Bomet kuna chuo kikuu kishiriki. Walimu wako kila mahali.

Lakini kila kundi lina kalenda yake, na kalenda hizo ndizo somo lenyewe. Wanafunzi hujaza vyumba muhula ukianza, na likizo ndefu ikifika ploti inabaki na keateka na paka. Watumishi wa kaunti wana mishahara mizuri, ila Hazina ya Kitaifa ikichelewesha mgao wa kaunti, kodi nayo inachelewa. Mwalimu hulipwa mwisho wa mwezi, lakini anaweza kuhamishwa. Ndiyo maana sioni tofauti kubwa kati ya vyumba kumi vya wanafunzi watupu na vyumba kumi vya vibarua watupu. Afadhali vyumba vinne Kabianga na vinne Silibwet karibu na Tenwek, hata kama kusimamia sehemu mbili kunachosha.

Tuje kwenye ardhi. Mji wa Kericho umezungukwa na mashamba makubwa ya chai, hivyo kiwanja cha mjini ni adimu na bei yake inauma. Mwanzilishi anajikuta akinunua robo ekari kando ya barabara ya Kericho kwenda Sotik, imekatwa kutoka shamba la familia. Mambo mawili huwaponza wengi hapa. La kwanza ni hati iliyobaki kwa jina la babu aliyekwisha kufariki. Mwana au mjukuu anauza kipande "chake", mzee wa kijiji anashuhudia, fedha zinalipwa. Kisheria hakuna kilichouzwa. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na kukivunja ni kosa la jinai. Mirathi imalizike kwanza. La pili ni kibali cha bodi ya ardhi. Ardhi ya kilimo ikiuzwa au kugawanywa, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka ombi la kibali lipelekwe ndani ya miezi sita ya makubaliano, la sivyo makubaliano hayana nguvu. Ongeza ridhaa ya mke au mume wa muuzaji kama ni ardhi ya ndoa, na upimaji wa kuhakikisha hujaingia kwenye hifadhi ya barabara. Alama nyekundu ya X haijali ulitumia mawe ya aina gani.

Sasa hesabu, ambayo wengi huifanya nusu. Chukua mfano wa vyumba vinane vya bedsita, kila kimoja Sh5,000. Vikijaa ni Sh40,000 kwa mwezi. Mwenye ploti amekopa Sacco Sh1,500,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, riba inayopungua kadiri deni linavyopungua. Akichagua kulipa kwa miezi 48, kila mwezi anatoa karibu Sh39,500. Ushuru bado, keateka bado, na hakuna hata chumba kimoja kilichoruhusiwa kuwa tupu. Akiongeza muda hadi miezi 72, malipo yanashuka hadi kama Sh29,300, ila riba yote kwa jumla inapanda kutoka takriban Sh396,000 hadi Sh611,000. Wengi watakwambia muda mrefu ni kumtajirisha mkopeshaji. Mimi namshauri mwanzilishi achukue muda mrefu, maana mkopo ukikuelemea, wadhamini wako ndio wanaokatwa, na wadhamini wa Sacco huku ni shemeji, mkulima mwenzako na jirani wa kanisani.

Ushuru wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Kodi ya makazi ikizidi Sh288,000 kwa mwaka na isipite Sh15 milioni, KRA huchukua asilimia 7.5 ya kodi iliyopokelewa, kiwango kilichoanza Januari 2024 baada ya kuteremshwa kutoka asilimia 10. Hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Katika mfano wetu ni Sh3,000. Kumbuka unatozwa kwenye mapato yote, kwa hiyo rangi uliyopaka na riba unayolipa hazikatwi kwanza. Aliye chini ya kiwango hicho haguswi na ushuru huu, lakini hutangaza kipato chake kwenye ritani ya mwaka.

Karibu kila ploti ya kando ya barabara huwa na maduka mbele na vyumba nyuma, na mwenye nyumba hudhani wapangaji wote wanaongozwa na sheria moja. Sivyo. Duka au mkahawa uliopangishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, unalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya. Huwezi kupandisha kodi wala kumtoa mpangaji bila notisi ya fomu maalumu ya miezi miwili au zaidi, na akienda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya notisi kufika mwisho, anabaki dukani hadi kesi iamuliwe. Vyumba vya bei ya chini navyo vina ulinzi wao: nyumba ya makazi ambayo kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi. Vyumba vingi vya mbao vya vituo vyetu vimo humo bila wenyewe kujua. Kumfungia mpangaji mlango kwa kufuli lako, jambo linalofanywa kila siku, ni njia fupi ya kujipeleka mahakamani.

Jambo la mwisho halimo kwenye sheria wala kwenye mkopo. Huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na mvua ya mawe si mgeni. Mpangaji wa Tenwek au Kabianga akija kuangalia chumba hutazama ukuta kama una ukungu na huuliza nguo zitakauka wapi. Kibaraza kilichoezekwa chenye kamba za nguo, madirisha yanayopitisha hewa, na mifereji inayomwaga maji ya paa kwenye tangi huwafanya wapangaji wakae zaidi kuliko vigae vya kung'aa. Gharama yake ni ndogo ikiwekwa kwenye ramani tangu mwanzo, na kubwa ikiongezwa baadaye.

Kwa hiyo wewe ambaye bonasi ndiyo mtaji wako, jenga vyumba vinne tu kwanza. Vipangishe kuanzia Oktoba moja hadi Oktoba nyingine, ukiandika daftarini nani alichelewa, mwezi gani, na mshahara wake unatoka wapi. Vinne vilivyobaki uvijenge ukiwa na daftari hilo mkononi.