Je, Wajua Kwa Nini Dereva wa Bodaboda Huvaa Jaketi Nyuma Mbele?

Katika barabara inayopanda kutoka Kyela kwenda Tukuyu na kuendelea hadi Uyole, dereva wa bodaboda aliyevaa jaketi nyuma mbele, zipu ikiwa mgongoni, hamshangazi mwenyeji. Mgeni anaweza kudhani ni mtindo wa vijana, kumbe fizikia iko upande wa dereva. Aliye juu ya pikipiki hulinda joto la mwili kwanza kwa kuzuia upepo, pili kwa kuzuia maji. Unene wa sweta, na hata nguo zinazopashwa moto kwa umeme, ni mambo ya kufikiriwa baada ya hayo mawili. Anayeufahamu mpangilio huu hujikinga kwa fedha kidogo, na kinga hiyo ni suala la usalama barabarani kama ilivyo helmeti.

Mkazi wa Kyela anaweza kuuliza: jaketi la nini katika nchi ya mpunga na kakao, ambako jua la mchana hulowesha shati kwa jasho? Kwa anayezunguka mjini Kyela tu, swali hilo lina haki yake. Lakini uso wa Ziwa Nyasa, lililo jirani na Kyela, uko takriban meta 475 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu iko zaidi ya meta 1,000 juu ya ziwa. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 hivi kila unapopanda meta 1,000. Mbele zaidi, kwenye njia panda ya Isyonje, barabara huchepuka kuelekea Kitulo, uwanda wenye maua uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambao sehemu zake nyingi ziko juu ya meta 2,600. Kwa hiyo joto la Kyela ndilo linalomponza msafiri: huondoka na fulana iliyolowa jasho, kisha hukutana na baridi ya milima ya Rungwe akiwa tayari katikati ya safari.

Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa uliyoipasha moto wenyewe. Ukikaa mahali palipotulia, tabaka hilo hukukinga. Upepo ukivuma, huliondoa na kuleta hewa baridi mahali pake bila kukoma. Katika miaka ya 1940, Wamarekani Paul Siple na Charles Passel walilipima jambo hili huko Antaktika kwa kuangalia maji ndani ya chombo kilichotundikwa kwenye upepo yanachukua muda gani kuganda. Kwa kanuni inayotumika Kanada na Marekani tangu mwaka 2001, hewa ya nyuzi 10 ikivuma kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi huhisi baridi ya nyuzi 5 hivi. Pikipiki hutengeneza upepo huo yenyewe, hata siku ambayo jani halitikisiki. Ndiyo maana sweta zito lililofumwa halitoshi: upepo hupenya matundu yake na kuisukuma nje hewa ya moto. Jaketi jepesi lisilopitisha upepo, likivaliwa juu ya sweta hilo, hulifanya sweta lianze kazi. Na likigeuzwa nyuma mbele, kifua hupata kitambaa kizima kisicho na mwanya wa zipu wala vifungo.

Maji ni adui wa pili, na Rungwe na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Tuseme nguo zimelowa nusu lita ya maji. Kuyakausha yote kunahitaji takriban jouli milioni 1.2, na mtu aliyetulia huzalisha kiasi cha jouli 100 kwa sekunde. Ni sawa na joto lote ambalo mwili wake hutoa kwa zaidi ya saa tatu. Hivyo koti la mvua livaliwe kabla ya matone ya kwanza, na fulana ya jasho ibadilishwe kabla ya kupanda mlima.

Wapo watakaosema jibu la kisasa ni umeme. Teknolojia hiyo si ngeni: marubani wa Vita ya Kwanza ya Dunia walivaa nguo zenye nyaya za kupasha moto, na leo waendesha pikipiki kubwa wa nchi za baridi huvaa jaketi na glovu za aina hiyo. Ila pikipiki zetu ndogo hazikuundwa kwa mzigo huo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 60; jaketi la wati 75 lingeimaliza kwa dakika 48 kama isingechajiwa, na umeme unaozalishwa na injini ndogo tayari una kazi ya taa na plagi. Hata jaketi lenye betri yake lenyewe litapasha moto hewa inayopeperuka, endapo halikufunikwa na kitambaa cha kuzuia upepo.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili: kwamba mwanamume huvumilia baridi. Uvumilivu hauongozi damu. Mwili unapopoa, hubana mishipa ya mikono ili kuokoa joto la moyo na ubongo, na ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wake hupungua. Vidole hivyo ndivyo vinavyoshika breki na klachi. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita zaidi ya meta 16 kila sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwa nusu sekunde ni meta 8 za ziada kabla ya breki kushika, pengine mbele ya mtoto anayevuka barabara. Glovu zisizopitisha upepo na maji, boshori chini ya helmeti, koti la mvua na jaketi la mitumba vinastahili kuhesabiwa pamoja na matairi na breki katika gharama za kazi. Anayemiliki pikipiki na kumpa dereva kwa hesabu ya kila siku anapaswa kuchangia gharama hiyo, maana mikono iliyokufa ganzi inaendesha mali yake na inabeba maisha ya abiria.