Kusilimu Hakufuti Cheti cha Ndoa

Mkristo anayetaka kuingia Uislamu haombi kibali kwa yeyote. Akitamka shahada mbili kwa hiari, huku akijua maana yake, amesilimu. Josho, ambalo kwa madhehebu ya Shafii ni sunna kama mhusika hakuwa na janaba, hufuata baadaye. Kubadili jina si sharti, isipokuwa jina lenyewe liwe na maana inayopingana na imani. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 nayo inataja waziwazi uhuru wa mtu kubadilisha dini yake.

Shahada hiyo hubadilisha imani. Ndoa na malezi ya watoto hubaki chini ya sheria zilezile, ila sheria ya mirathi inaweza kubadilika, na hapo ndipo familia nyingi hugombana.

Chukua mume na mke waliofunga ndoa kanisani. Mume akasilimu, mke akabaki Mkristo. Kwa fiqhi ndoa yao inaendelea, kwa kuwa Mwislamu mwanamume anaruhusiwa kuwa na mke katika Watu wa Kitabu. Kosa hutokea pale mume anapodhani kwamba, kwa kuwa sasa ni Mwislamu, anaweza kuoa mke wa pili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaihesabu ndoa yake kuwa ya mke mmoja, na kifungu cha 15 kinamzuia mwanamume wa ndoa hiyo kuoa tena. Ndoa ya pili ni batili, hata kama imefungishwa na shehe mbele ya mashahidi.

Kifungu cha 11 kinaacha mlango mmoja. Ndoa ya mke mmoja inaweza kugeuzwa kuwa ya wake wengi endapo mume na mke wote wawili watatamka, kila mmoja kwa hiari yake, mbele ya jaji au hakimu, na tamko likaandikwa na kutiwa saini. Kwa Wakristo waliofunga ndoa kanisani, mlango huo umefungwa maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Mmoja akisilimu unafunguka, lakini mke asipokubali, mume hana la kufanya.

Upande wa mke aliyesilimu peke yake ni mgumu zaidi. Wanazuoni wengi wanasema atakaa eda, na mume asiposilimu mpaka eda ikaisha, ndoa imekatika. Mahakama haihesabu hivyo. Ndoa iliyosajiliwa nchini huisha kwa kifo, kwa kubatilishwa au kwa talaka ya mahakama. Akiolewa upya kwa kutegemea eda peke yake, mbele ya serikali bado ni mke wa mume wa kwanza. Anayetaka kutoka aanze kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha afungue shauri la talaka. Kifungu cha 107 kinakubali mabadiliko ya dini ya mdaiwa kuwa ushahidi wa ndoa kuvunjika, ila tu pale dini waliyoifuata wote wawili wakati wa kuoana inaposema mabadiliko hayo huvunja ndoa au ni sababu ya kuivunja. Kwa mke aliyesilimu na kufungua shauri mwenyewe hoja hiyo haimsaidii, kwa kuwa aliyebadili dini ni yeye, si mdaiwa; na kwa Wakatoliki wawili waliobatizwa, kanisa lao halivunji ndoa kwa sababu mmoja amehama. Itabidi athibitishe sababu nyingine.

Kuhusu malezi, mahakama hutanguliza maslahi ya mtoto. Aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kusilimu peke yake hakumpi wala hakumnyang'anyi mzazi haki hiyo.

Mirathi ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu mwenye mali hayupo tena kujieleza. Katika sheria ya Kiislamu, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Baba aliyesilimu akifa, mke wake Mkristo na watoto wakubwa waliobaki kanisani hawamo katika mafungu. Anaweza kuwaachia kwa wasia, usiozidi thuluthi ya mali. Asipoandika kitu, ndugu huvutana: huyu anasema marehemu alikuwa Mwislamu, yule anasema alirudi kanisani zamani. Mahakama hutazama jinsi alivyoishi na alichokusudia, ndipo iamue sheria ipi itumike.

Kwa hiyo, wewe uliyesilimu au unayekusudia, mweleze mwenzako wa ndoa mapema, asije akasikia kwa majirani. Chukua cheti cha kusilimu na ukihifadhi. Ukibadili jina, sajili hati ya kubadili jina na urekebishe kitambulisho cha taifa, pasipoti na hati za mali, majina yasipishane. Andika wasia mbele ya mashahidi. Na kabla ya kufunga ndoa nyingine, muone shehe kwa ajili ya dini yako na wakili kwa ajili ya ndoa uliyonayo, kwa kuwa jibu la mmoja halitoshi.