Sakafu, Upepo na Mti wa Uani

Mtu ajengaye nyumba yake kwa jasho lake mwenyewe, kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, na mwaka atakaojaaliwa kupaua, aghalabu huyaahirisha mambo matatu mpaka mwisho, wakati mfuko umekwisha kutoboka na subira ya aila imekwisha kupungua: sakafu atakayoikanyaga, namna atakavyoliondoa joto, na kitu atakachokipanda uani. Ukipita Goba, Chanika, Kigamboni au Bunju, katika viunga vya Dar es Salaam, utaziona nyumba nyingi za hali hiyo: mabati yanang'aa, kuta zimepigwa lipu upande wa barabarani tu, tofali zilizosalia zimeotewa na majani, na mwenyewe amekwisha kuhamia chumba kimoja, akiwaza rangi ya vigae, ilhali jambo litakalompa raha au karaha aushi yake yote lilikwisha kuamuliwa siku ile fundi alipovuta kamba ya msingi.

Rai ya mwandishi wa makala haya ni kwamba mambo hayo matatu ni shauri moja, la jua, upepo na maji, nalo lina wakati wake, ambao ni kabla ya jembe la kwanza.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Baina ya Oktoba na Machi, wakati wa joto kali, huinamia kidogo upande wa kusini, na miezi iliyosalia huinamia kaskazini. Kuta zinazotazama pande hizo mbili hustirika kwa upenu wa kadiri ya mita moja, kwa sababu jua la mchana liko juu sana; lakini ukuta wa mashariki na ule wa magharibi hupigwa ubavuni, asubuhi na alasiri, na hapana upenu uwezao kuuzuia mshale huo. Basi nyumba na iwe ndefu toka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na upande wa machweo upewe stoo, bafu na vyumba vingine visivyokaliwa kwa muda mrefu. Pepo zetu nazo zimeafikiana na mpango huo, maana kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini na kusini-mashariki, hata dirisha likielekeana na dirisha, upepo hupata pa kuingilia na, jambo ambalo wengi hulisahau, pa kutokea. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala, zenye ukumbi mmoja unaokata katikati toka barazani hadi uani na vyumba vimepangwa huku na huku, zilipoa kwa kanuni hiyo hiyo. Na kama yuko atakayeona kuwa haya ni mashauri ya fukara asiyekuwa na fedha ya kiyoyozi, na aende Kilwa Kisiwani akatazame magofu ya Husuni Kubwa, ambako Sultani al-Hasan bin Sulaiman, katika karne ya 14, akiwa na uwezo wa kujenga popote kisiwani, alichagua ukingo wa jabali juu ya bahari, mahali pa upepo, akaweka humo na birika la kuogea lenye pembe nane.

Sasa umeingia mtindo wa paa la kuficha, ambao kuta hupandishwa juu kupita mabati ili nyumba ionekane mraba mtupu kwa mpita njia. Mtindo huo una jamala yake katika picha, lakini umeinyang'anya nyumba upenu, na katika nchi ya jua na masika nyumba isiyo na upenu ni mtu aliyekwenda safarini bila ya kofia wala mwavuli. Mabati yenyewe, yakiwa na rangi nyeusi au ya damu ya mzee, hunywa joto mchana kutwa na kulimwaga juu ya dari. Yakiwa meupe, hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Uwazi ulio baina ya mabati na dari uachiwe matundu yenye wavu pande mbili, ili hewa iliyochemka humo itoke badala ya kukaa ikisubiri usiku uingie iwashukie waliolala.

Dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo leo limetamalaki madukani, lina dosari ambayo muuzaji haitaji: hata likifunguliwa lote, nusu yake imefungwa. Umelipia dirisha la mita moja na nusu, umepata upepo wa sentimita 75, na wavu wa mbu ukapunguza na hizo. Madirisha ya luva waliyoyadharau vijana, na yale ya mbao yanayofunguka nje, yaliachia njia yote.

Baada ya hayo yote kutengenezwa ndipo ifaapo kusema habari ya mashine. Feni la darini, ambalo mtaani huitwa pangaboi, hutumia kama wati 70. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikiwa kazini hutumia kama wati 1,000 au zaidi, yaani umeme ambao ungezungusha mapangaboi zaidi ya kumi. Pangaboi halipunguzi joto la hewa hata kwa nukta. Kazi yake ni kukausha jasho, na katika pwani yetu yenye unyevu mwingi hiyo ni nusu ya raha yenyewe. Sikusudii kumkataza mtu kiyoyozi, kwani yako majuma ya Januari na Februari ambayo mzee, mtoto mchanga au mgonjwa hustahiki usingizi kwa gharama yoyote. Nasema tu kwamba kiwekwe katika chumba kimoja cha kulala, chumba chenye dari nzima na dirisha linaloziba sawasawa, kwamba kipimo cha BTU 9,000 hutosha chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu ambacho paa lake halichomi, na kwamba asiyesumbuka na upenu wala rangi ya mabati atanunua kipimo kikubwa zaidi na kukilisha umeme wa LUKU kila juma. Aliye karibu na bahari ajue pia kwamba chumvi hula sehemu ya mashine iliyo nje, hivyo aiweke mahali pasipoelekea mawimbi na kuiosha kwa maji baridi mara kwa mara.

Nimekawia kuifikia sakafu, nayo ndiyo niipendayo. Katika majumba ya mawe ya Unguja na Lamu sakafu za juu zililala juu ya boriti za mikoko. Juu ya boriti yakapangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa yenye kokoto, ikapigwa kwa vigongo vya mbao siku baada ya siku, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja, mpaka ikashikamana. Kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki masafa makubwa, vyumba vya majumba yale vikawa vyembamba, mita tatu hivi au pungufu, hata ukumbi wa tajiri aliyekuwa na uwezo wa kununua kila kitu bandarini. Urefu ukaongezwa, upana ukakataa. Sakafu ndiyo iliyotoa amri, na kuta zikatii.

Mjenzi wa leo hana boriti, lakini analo jamvi la zege, nalo lina amri zake. Kifusi kishindiliwe kwa maji, tabaka kwa tabaka, na kiwe kingi kiasi cha kulinyanyua jamvi juu ya uwanja kupita maji ya masika. Udongo utiwe dawa ya mchwa. Kisha itandazwe nailoni nzito kabla ya zege kumwagwa. Nailoni hiyo ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika msingi, na ndiyo inayoachwa mara nyingi kuliko vyote, kwa sababu haionekani; ikikosekana, unyevunyevu hupanda toka ardhini, sakafu hubabuka, rangi ya ukuta huvimba na kumomonyoka, na hapana fundi awezaye kuirudisha chini ya nyumba iliyokwisha kukaliwa.

Juu ya jamvi ndipo hiari huanza. Vigae vimekuwa rahisi tangu viwanda vyake vijengwe katika Mkoa wa Pwani, na watu wengi hawafikirii kingine. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 kwa 60 hufunika mita za mraba 1.44, hivyo chumba cha mita nne kwa tatu na nusu huhitaji maboksi 10 kwa hesabu kavu na 11 kwa hesabu ya mtu ajuaye kwamba vigae hukatwa na kuvunjika. Na la akiba linunuliwe siku hiyo hiyo, kwa maana rangi ya toleo moja haifanani kabisa na ya toleo jingine, hata kama jina ni lile lile. Fundi akimaliza, mwenye nyumba apite akigonga kila kigae kwa sarafu: kinacholia kitupu hakikushiba saruji chini yake, nacho kitapasuka siku kabati zito litakapokikalia. Vinavyong'aa kama kioo vikae sebuleni. Barazani na bafuni viwekwe vyenye mkwaruzo wa kushika unyayo, maana mvunjiko wa nyonga ya bibi hauna bei.

Hata hivyo, nikiulizwa mimi, ningeipendelea niru. Ni saruji iliyotiwa rangi nyekundu au nyeusi, ikasuguliwa kwa mwiko wa chuma kabla haijakauka, na baadaye ikapigwa nta. Haina viungo vya kukusanya uchafu, hupoza mguu usio na kiatu, na ikipata ufa, ufa huo huzeeka pamoja na nyumba kwa heshima. Mwenye fedha zaidi afanye tarazo, yenye vipande vya mawe ndani ya saruji vilivyosagwa kwa mashine mpaka vikalingana, ambayo ungali unaweza kuiona katika shule na ofisi za miaka ya 1950 na 1960, imekanyagwa na vizazi vitatu na haijachakaa. Juu yake mkeka au busati hutosha. Mbao za kubandika zinazouzwa sasa kwa jina la parke ni mapambo ya nchi nyingine: unyevu wa pwani huzivimbisha, na mchwa huzihesabu kuwa riziki.

Huko milimani hukumu hugeuka. Lushoto, penye kimo cha mita kama 1,400, na Njombe iliyo juu zaidi, huwa na usiku wa Juni na Julai ambao mtu wa Tanga hawezi kuuelezea kwa jamaa zake wakamsadiki. Huko sakafu ya mbao ina haki yake, na kwa mtu wa Njombe misonobari ya Sao Hill kule Mufindi haiko mbali. Huko madirisha makubwa hutazama kaskazini ili yaliingize jua la Juni, ambalo limeinamia upande huo, na kuta za tofali za kuchoma hulihifadhi joto lake hadi jioni. Mwenye kutaka moto ajenge meko ya ukutani yenye dohani iliyonyooka na kupita kilele cha paa. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na mlango ukafungwa limekwisha kuua watu wengi usingizini, kwa gesi isiyo na rangi wala harufu. Katika jambo hili sina upole wala sina njia ya kati.

Tukirudi pwani, tutoke nje. Ugonjwa wa sasa ni kutandaza vitofali vya pevingi toka ukuta hadi ukuta, ili uani pasiwe na vumbi. Matokeo yake ni kwamba uwanja hupata joto kama tanuri hadi usiku wa manane, na maji ya masika, yakikosa pa kuzama, huenda kwa jirani yakiwa na ghadhabu. Pevingi iwekwe njia ya gari tu, na palipobaki paoteshwe ukoka. Upande wa magharibi, ambao tuliukosea njia kwa upenu, ndipo hasa pa kupanda mwembe: mche wa kubebesha huanza kuzaa katika miaka mitatu au minne, na ukipandwa siku ya kuchimba msingi, mita nane au kumi toka ukutani, unaweza kuwa umeanza kutoa kivuli kabla fedha ya dari haijapatikana. Mkungu hukua upesi na kupanua matawi yake kwa ngazi, ila humwaga majani mapana yanayotaka mfagiaji mwaminifu. Mwarobaini usikaribishwe penye shimo la maji machafu wala bomba, na mnazi usisimame mahali ambapo nazi ikianguka itakutana na bati au kichwa cha mtu. Asumini na mlangilangi vipandwe upande wa upepo wa dirisha la kulala, maana hapo upepo hubeba harufu bila ya malipo.

Maji ya bustani yako juu ya nyumba. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita kama 1,100 kwa mwaka, na kila milimita moja juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100. Mvua moja ya milimita 10 inatoa lita 1,000, ambazo mtaro na tangi lenye mfuniko wa kuzuia mbu hutosha kuziweka akiba. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, na mrehani, mchaichai na mlimau huikataa. Maji ya kuogea nayo yasitupwe pamoja na ya choo: ya choo yaende shimoni, ya bafu yapewe bomba lake mpaka kwenye migomba michache nyuma ya jiko. Fundi atasema kwamba bomba la pili ni gharama isiyo na haja. Na aulizwe bei ya mkungu mmoja wa ndizi sokoni, kisha aanze kuchimba.